Korongo la Verdon Kwenye Kamba ya Nguo

Karatasi nzito ya kung'aa ina harufu yake. Si harufu ya kitabu wala ya gazeti. Inafanana kidogo na rangi ya kucha, kidogo na plastiki mpya, na ukiinusa kwa muda inakukaa nyuma ya pua kama mafua yanayotaka kuanza. Mwezi wa nne mwaka huu niliinusa kazini. Ninafanya kazi katika nyumba ya wazee karibu na Westmead, hapa Sydney, na siku ile nilikuwa namlisha uji bibi mmoja wa Kizungu. Binti yake alikuja, akaketi upande wa pili wa kitanda, akafungua kijitabu cha safari juu ya blanketi.

"Tunaenda Ufaransa mwezi wa sita," akamwambia mama yake, kwa ile sauti kubwa ambayo watu huwasemesha wazee. "Tazama, Mama. Tazama rangi ya maji."

Bibi hakutazama. Mimi ndiye niliyetazama. Majabali meupe pande mbili, yamesimama wima kama kuta za kanisa, na katikati, chini sana, mto wa rangi ambayo Kiswahili changu hakina jina lake. Si bluu wala si kijani. Ni kama dawa ya kusukutulia mdomo. Juu ya picha paliandikwa Verdon.

"Unapajua?" binti akaniuliza, maana kijiko changu kilikuwa kimesimama hewani.

"Hapana," nikasema. Kisha nikaona si haki kusema hapana moja kwa moja. "Niliwahi kupigwa picha pale. Nilipokuwa mtoto."

Akafurahi sana. Akaniuliza kama kweli miamba ni mirefu vile. Nikamwambia ni mirefu kama mlango. Akacheka, akadhani nafanya mzaha, nami nikaendelea na uji.

Niliporudi nyumbani nikachukua daftari, ingawa mengi ya humu nimeyaongeza miezi iliyofuata. Huwa naandika vitu vidogo, nani alikuja, tulikula nini, lakini hili sikuwahi kuliandika. Sikusoma sana. Nilianza shule kwenye kambi ya wakimbizi, chini ya hema, nikaendelea hapa, nikaiacha kabla haijaisha, kwa hiyo ukikuta sentensi imepinda, inyooshe mwenyewe uendelee. Pia sina hakika na kila kitu. Mdogo wangu Sifa anakumbuka mambo mengine kwa namna yake, na pale anaponipinga nitasema, usije ukaniamini mimi peke yangu.

Tulifika Sydney nikiwa na miaka tisa, Sifa minne. Tulikuwa sisi wawili na Mama. Papa, yaani baba yetu, alikuwa amefia kambini, upande wa Kigoma, kwa ugonjwa. Tulipewa nyumba ya serikali Macquarie Fields, yenye uwanja mdogo nyuma na ule mti wa chuma wa kuanikia nguo, wenye mikono minne, ambao upepo ukivuma unazunguka wenyewe kama unamtafuta mtu.

Koko alibaki kambini. Koko ndivyo sisi watu wa Kongo tunavyomwita bibi, na huyu alikuwa mama yake Papa. Jina lake lilikuwa kwenye faili lingine la maombi ya kuhamia, na faili lile halikusogea. Mama aliambiwa kwamba asiposaini kuondoka na sisi bila Koko, basi sote tutabaki. Akasaini. Nalisema hili mapema kwa sababu walikuwepo watu waliomsema Mama, kambini na hata kanisani kwetu hapa, kwamba amemtupa mkwe wake. Hakumtupa. Au tuseme alimwacha, lakini ningekuwa mimi ningesaini vilevile.

Jambo la pili unalotakiwa kulijua ni jina langu. Naitwa Mapendo, na jina hilo nimelirithi. Mapendo wa kwanza alikuwa dada mdogo wa Papa, mtoto wa mwisho wa Koko, ambaye alikufa njiani walipokimbia vita. Kwetu mtu akisema "alikufa njiani", huulizi njia ipi, wala alikufaje. Karibu kila familia ina wake wa njiani. Mama aliolewa baadaye, kambini, na yeye alipoambiwa hivyo alisema pole, akaishia hapo. Ndiyo adabu.

Mama alipata kazi ya kusafisha ofisi huko Campbelltown, na moja ya ofisi hizo lilikuwa duka la kuuza safari. Kila walipobadilisha mapambo ya dirishani, yule mwanamke wa duka alimwekea Mama yaliyopitwa na wakati, yamekunjwa vizuri, kando ya ndoo ya mopu. Mama hakupenda ukuta mtupu. Alisema ukuta mtupu unamkumbusha zahanati. Basi akatundika. Chumbani kwetu palikuwa na majabali ya Ureno ambayo bahari imeyatoboa matundu. Jikoni kulikuwa na korongo la Ugiriki linaloitwa Vikos. Chooni, nyuma ya mlango, palikuwa na njia ya mbao inayopita ubavuni mwa korongo la Slovenia, na chini yake maji yanapiga kelele ambazo huzisikii. Ulaya yote niliyoijua ilikuwa ya mawe. Nilidhani Wazungu wa kule wanaishi kwenye nyufa.

Mimi ndiye nilikuwa msomaji wa nyumba. Nilisoma yale maneno madogo ya chini, nikayageuza Kiswahili. Siku moja nikamwambia Mama kwamba miamba hii yote ni ya mawe ya chokaa.

"Chokaa? Ile ya kupaka nyumba?"

"Ndiyo hiyo."

"Basi hao watu wana bahati. Mlima wao umezaliwa umeshapakwa."

Siku nyingine nikamsomea kwamba mandhari ya pale yanakata pumzi. Mama alikuwa anamenya vitunguu. "Wanapanda ndege waende kukatwa pumzi," akasema. "Sisi kukatwa pumzi kulitufuata nyumbani." Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa, na machozi yale yalikuwa ya vitunguu. Nadhani yalikuwa ya vitunguu.

Bango la Verdon lilikuja mwaka wetu wa pili. Lilikuwa kubwa, sawasawa na mlango, na halikutosha kwenye ukuta wowote bila kuziba dirisha. Mama akaliviringisha, akaliweka nyuma ya kochi.

Hapo ndipo anapoingia Tonton Lubunga, jirani yetu wa nyumba ya tatu. Tonton ni mjomba kwa Kifaransa, lakini huyu si ndugu wa damu, ni mtu wa upande wa Papa, kwa hiyo yeye na Mama waliitana shemeji na kutaniana. Hapa Sydney alikuwa anabeba maboksi kwenye ghala moja la Minto. Lakini Uvira, kule Kongo, alikuwa na studio ya picha, na hakukuruhusu uisahau studio ile. Ilikuwa na mapazia matatu yaliyochorwa kwa rangi: moja la ndege, moja la mnara wa Ulaya, moja la sebule yenye televisheni na friji.

Hapa nakuomba unisikilize vizuri. Kwetu, kupigwa picha mbele ya pazia si uongo. Kila mtu anajua ndege ile ni rangi. Unayempelekea picha anajua, na wewe unajua kwamba anajua, na heshima inabaki palepale: umevaa, umesimama wima, umemkumbuka mtu. Hakuna aliyewahi kumwuliza mwenzake, "Hiyo ndege ulipanda lini?"

Mtu wa kanisani alikuwa anasafiri kwenda Kigoma, na Mama akataka kumpelekea Koko picha yetu. Tonton alikuja na kamera yake, akakiangalia choo cha jirani kinachoonekana juu ya ua, akaangalia nyasi zetu zilizokauka, akatikisa kichwa. Kisha akaliona lile bango nyuma ya kochi. Akalifungua sakafuni, akalipigia magoti.

"Mama Mapendo," akasema, "hii si karatasi. Hii ni studio."

Akalitundika kwenye kamba ya nguo kwa vibanio vyote tulivyokuwa navyo. Mbele yake akaweka kreti mbili za maziwa, juu ya kreti akatandika shuka jeupe, akalikunjakunja, akalibonyeza hapa, akaliinua pale, anarudi nyuma, anafumba jicho moja, anarudi tena kulibonyeza, mpaka mikunjo ya shuka ikashikana na nyufa za mwamba.

"Shemeji, hilo shuka ni la kitandani kwangu," Mama akasema. "Likichafuka utalifua kwa mikono yako."

"Nitalifua. Lakini kwa sasa hivi ni jiwe."

Sifa anasema shuka lilikuwa la maua. Kama lingekuwa la maua kazi yote ile isingefaa, lakini nimeandika alivyosema.

Tulivaa nguo zetu za Pasaka, za njano. Tonton akatupandisha kwenye jiwe lake. Upepo ukavuma, mti wa chuma ukaanza kuzunguka, na korongo zima likaondoka nyuma yetu kwenda kwa jirani. Mama akakimbia, akaushika mti kwa mikono miwili ili Ulaya isizunguke. Alisimama vile mpaka mwisho, nje ya picha, amekumbatia chuma.

"Mapendo, sogea kulia. Tena kidogo. Aah, simama! Hatua moja zaidi na tutakuokota Marseille. Batoto, musicheke! Picha ya heshima haina meno."

Hatukucheka. Picha ile ilitoka vizuri kuliko picha yoyote niliyopigwa tangu siku ile. Unaona wasichana wawili wameshikana mikono kwenye ncha ya mwamba mweupe. Nyuma ya visigino vyao hakuna kitu. Chini kabisa, mbali, mto. Pazia lililochorwa linajitangaza lenyewe kwamba ni pazia. Hii haikujitangaza. Tonton alikuwa amefanya kazi yake vizuri mno, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba hilo linaweza kuwa kosa.

Tulikuwa tukimpigia Koko Jumapili baada ya ibada, kwenye simu ya jirani yake mmoja anayeitwa Mama Neema. Picha ilipofika, Koko aliongea kwanza na Mama, akamshukuru, akamwombea. Kisha akanitaka mimi.

"Mapendo."

"Ndiyo, Koko."

"Picha nimeiona. Muko bazuri. Mumenenepa."

"Asante, Koko."

"Sasa toka pale."

"Pale wapi?"

"Pale unasimama. Shika mukono ya mudogo wako, murudi nyuma. Polepole. Mguu hauna macho."

Nikacheka. Nilimtazama Mama, nikamwambia kwa Kiingereza kwamba Koko anadhani bado tuko kwenye picha. Wakati ule nilikuwa nimeanza kumjibu Mama kwa Kiingereza, kama watoto wote wa kwetu hapa, na sikuona ubaya wake. Mama akanifinya bega. "Mwambie umetoka."

"Nimetoka, Koko."

"Aksanti," Koko akasema, na nikamsikia anapumua.

Jumapili iliyofuata akauliza tena. "Umetoka pale?" Nikasema nimetoka. Jumapili nyingine tena. Ikawa ndiyo salamu yake. Hajauliza shule, hajauliza kama nimekula, anauliza kama nimetoka pale. Nilianza kumwonea aibu. Nilijiona nimekuwa mtu wa Sydney, na huyu ni bikizee wa porini asiyejua picha ni nini.

Nikamwambia Mama tumwambie tu ukweli, kwamba ni karatasi. Mama akanieleza, na maneno yake nayaandika kwa sababu hayakuwa ya kipumbavu. Alisema picha ile ilikuwa imezunguka kambi. Wazee wa kanisa walikuja kuiona. Koko aliketi kwenye mkeka nayo mapajani, na wale waliosema ametupwa na mkwe wake wakanyamaza. "Leo nikisema ni karatasi," Mama akasema, "kesho watasema hata nyumba yetu ni ya karatasi. Watamcheka yeye, si mimi." Tonton naye alipoulizwa alisema studio haitoi siri zake kwa simu, Koko akija mwenyewe atamwonyesha shuka. Kila mmoja alikuwa na haki yake. Nadhani hata mimi nilikuwa na kijihaki kidogo. Nilikuwa na miaka kumi na moja na nilikuwa nimechoka kuulizwa.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili ya joto. Rafiki yangu wa shuleni alikuwa na trampolini, lile turubai la kurukia, na alikuwa ananisubiri nje ya geti, anagonga chuma kwa pete yake. Mama alinipa simu, akaenda kuangalia sufuria.

"Mapendo. Umetoka pale?"

"Sijatoka," nikasema. "Niko palepale, Koko. Kila siku tunachezea pale. Tunarukaruka."

Sijui nilitegemea nini. Labda acheke. Labda anigombeze, tumalize. Simu haikukatika, maana nilisikia jogoo, na mtu mbali anatwanga. Kisha ikaja sauti ya Mama Neema: "Amenirudishia simu, anaondoka. Mumemwambia nini?"

Nikakata. Mama akarudi na mwiko mkononi, akauliza mbona fupi leo. Nikasema mtandao. Akasema haya.

Nikaenda kwa rafiki yangu, nikaruka. Nakumbuka niliruka sana.

Baada ya siku ile Koko hakuniuliza tena. Hata mara moja. Jumapili iliyofuata aliuliza shule, akauliza Sifa anakula vizuri, akaniombea. Nikafikiri nimeshinda. Nilifikiri kwamba mtu ukimwambia jambo kwa ukali kidogo anaelewa, na somo hilo nililitumia kwa watu wengine pia, miaka mingi. Jambo moja tu lilibadilika. Kabla ya kuagana aliniita jina mara mbili, Mapendo, Mapendo, ya pili kwa sauti ya chini zaidi, kama anamwita mtu aliye nyuma yangu. Nikadhani ni uzee.

Koko alifariki mwezi wa pili mwaka huu. Faili lake halikuwahi kusogea. Nilipigiwa nikiwa kazini, nikaenda kwenye chumba cha mashuka, nikasimama mle nikisubiri kulia, na kilio hakikuja. Nikahesabu foronya, kwa kuwa zilikuwepo. Nikarudi kazini. Ni kama mguu uliokufa ganzi: unauona ni wako, unaupiga kofi, hausemi kitu.

Mwezi wa tano akaja Mama Neema. Yeye faili lake lilisogea, akaletwa na watoto wake, akapewa nyumba Minto. Jumamosi ya kwanza alikuja kutusalimu. Mama alipika, Tonton akaitwa, na mimi nikatengeneza chai. Sifa alikuwa kazini. Mama Neema ndiye aliyemwogesha Koko na kumlisha miaka yake ya mwisho, yaani alifanya kazi ninayowafanyia mimi wazee wa watu wengine. Sikujua nimshukuru vipi. Nikamwongezea sukari.

Alipomaliza kula akatoa bahasha kwenye mfuko wa plastiki. "Hii alisema niirudishe kwa mwenyewe," akasema, akanipa mimi.

Ilikuwa picha yetu. Pembe zimelainika kama kitambaa. Nguo zetu za njano zimepauka. Na kati ya visigino vyetu na korongo palikuwa na uzio.

Umechorwa kwa kalamu ya bluu. Miti iliyosimama, mmoja baada ya mwingine, na fito mbili zilizolala, zimefungwa kwa misalaba midogo kila zinapokutana na mti, kama wanavyofunga kamba kwetu. Koko hakujua kuandika hata jina lake. Lakini kujenga ua alijua, na huu ulikuwa ua wa kweli, mtu angeweza kuuegemea. Unaanzia nyuma yangu, na nyuma yangu ndipo miti imesongamana zaidi. Kuelekea kwa Sifa wino unafifia, halafu unakwisha. Lakini ukiinamisha picha kwenye mwanga unaona hakuacha. Alama za kalamu kavu zinaendelea mpaka mwisho, mti kwa mti.

"Aliazima kalamu ya Neema," Mama Neema akasema. "Ile siku alinirudishia simu ghafla. Aliketi kwangu mpaka jua likazama, anachora. Ndiyo siku moja tu alinisimulia habari ya binti yake."

"Binti yupi?" Mama akauliza, ingawa alikuwa mmoja tu.

Mama Neema akatutazama mmoja mmoja. Nadhani ndipo alipoelewa kwamba hatujui. Akatusimulia kwa maneno machache. Walikuwa wanashuka ile milima iliyo juu ya ziwa, kwenye njia nyembamba ya mawe, mvua inanyesha. Watu walikuwa wengi, wengine wanataka kupita mbele. Mapendo alikuwa na miaka kumi na moja na alikuwa amejitwika sufuria. Alikuwa mtoto mwenye adabu. Alisogea kando hatua moja kuwapisha wakubwa.

"Hakupiga kelele," Mama Neema akasema. "Walisikia sufuria tu. Koko alisema sufuria iliendelea kwa muda mrefu."

 Kwenye jiko la Mama maji yalikuwa yanachemka tena bila sababu. Mama akauliza polepole, "Hiyo siku aliyorudisha simu, ni siku gani? Nani aliongea naye?"

Ningeweza kunyamaza. Mama Neema hakujua, na Koko hayupo. Nilihesabu kwamba nimelinyamazia miaka mingi na ningeweza kuendelea vizuri tu.

"Ni mimi," nikasema. "Nilimwambia sijatoka. Nilimwambia tunarukaruka pale."

Nilitazama birika wakati nasema.  Mama alinitazama, kisha akatazama ukutani, pale ambapo siku hizi pana televisheni.

"Na mimi nilishika ule mti wa nguo," akasema.

Tonton aliomba picha. Aliisogeza karibu na macho, akaigeuzageuza. Nilidhani atasema neno kuhusu shuka. Alisema tu kwamba wino haushiki kirahisi kwenye karatasi ya picha, lazima alikuwa anakandamiza sana. Akairudisha, akaomba chai.

Sikulia siku ile pia. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilivaa glavu, nikaosha vyombo.

Mwezi wa saba yule binti alirudi kutoka Ufaransa. Alikuja nikiwa na uji tena, akakaa upande wake, akatoa simu amwonyeshe mama yake. Alikuwa mweusi kidogo kwa jua, anang'aa kwa furaha. "Na wewe njoo uone," akaniambia. "Kumbuka ulivyoniambia ni kama mlango!" Akapitisha picha kwa kidole. Barabara inayopinda. Mashua ndogo za kukanyaga kwa miguu kama baiskeli. Ndege wakubwa wanaelea chini ya watu badala ya juu yao. Halafu yeye mwenyewe, amesimama kwenye ncha ya jabali jeupe, mikono ameifungua, nyuma ya visigino vyake hakuna kitu.

Nilimshika mkono. Sikuamua. Kijiko kilianguka, na mdomo wangu ukasema kwa Kiswahili, "Rudi nyuma."

Akashtuka, akauliza nimesema nini. Nikamwambia kwa Kiingereza.

Akacheka, akanipigapiga mkono, akaniita darl, yaani mpenzi, kama wanavyoita watu hapa. "Nimeshatoka," akasema. "Si unaniona? Niko hapa."

"Najua," nikasema.

Na ndivyo ilivyokuwa, nilijua. Nilikuwa nimeushika mkono wake, una joto, unanukia mafuta ya jua. Kujua hakukusaidia kitu. Hapo ndipo nilipomwelewa Koko, nikiwa na glavu mkononi na uji sakafuni. Miaka yote nilidhani hakujua picha ni nini. Alijua kuliko sisi. Alijua kwamba mimi nimeshatoka pale, nimevua nguo ya njano, nimekwenda kula. Aliuliza tu ili asikie. Ila yule wa kwenye picha hasogei. Yule unamwambia rudi nyuma Jumapili hadi Jumapili, na ukiamka asubuhi yuko palepale, ana miaka yake kumi na moja, na visigino vyake viko ukingoni. Nilipomwambia sijatoka, nilimwambia alichokuwa anakijua. Basi akaacha kuuliza, akaazima kalamu.

Niliokota kijiko, nikachukua kingine kisafi. Nikamwuliza yule binti kama kule Verdon kuna uzio.

Alifikiri kwanza, na namshukuru kwamba alifikiri. "Mahali pengine upo," akasema. "Mahali pengine haupo."

Nikamfuta bibi mdomo, nikaanza upya.